Ukaguzi wa ndani katika halmashauri za Tanzania

Ukaguzi wa ndani katika halmashauri ni kazi ya kuchunguza kama fedha, mali na shughuli za halmashauri zinasimamiwa kwa kufuata sheria na kwa faida ya wananchi. Kazi hii hufanywa mwaka mzima na wakaguzi walioajiriwa na halmashauri yenyewe. Kwa hilo inatofautiana na ukaguzi wa nje, ambao hufanywa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayejulikana zaidi kama CAG.

Tanzania Bara ina halmashauri zaidi ya 180: za wilaya, za miji, za manispaa na za majiji. Ndizo zinazosimamia shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, vituo vya afya, masoko na minada. Hukusanya ushuru na ada zao wenyewe, lakini sehemu kubwa ya fedha zinazopita mikononi mwao hutoka Serikali Kuu na kwa wafadhili. Fedha hizo hugawanyika katika maelfu ya malipo madogo madogo, kwenye vijiji vilivyo mbali na makao makuu ya wilaya. Mkaguzi wa nje hawezi kufika kote huko, na anapofika mara nyingi mwaka wa fedha umekwisha. Mkaguzi wa ndani yupo tangu tarehe 1 Julai mwaka unapoanza, na anaweza kulisema kosa wakati bado linasahihishika.

Ugumu wa kazi yake uko mahali pamoja. Mkaguzi wa ndani ni mtumishi aliye chini ya mkurugenzi wa halmashauri, na matumizi anayoyakagua yameidhinishwa na mkurugenzi huyo huyo. Taratibu nyingi za kusimamia ukaguzi wa ndani zimewekwa kwa sababu ya jambo hilo.

Historia na sheria

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Moja kati ya hizo ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, ambayo sasa ni Sura ya 290 ya sheria za nchi. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinaitaka kila halmashauri iajiri mkaguzi wake wa ndani. Ufafanuzi wa kazi yake umo katika Memoranda ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2009: Agizo la 12 linahusu kamati ya ukaguzi, na maagizo ya 13 na 14 yanahusu mkaguzi wa ndani na taarifa zake.

Mwaka 2010 Sheria ya Fedha za Umma ilirekebishwa na kuanzishwa cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali. Ofisi hiyo, iliyowekwa chini ya Wizara ya Fedha, hutoa miongozo, hufundisha wakaguzi, na hupokea na kuchambua taarifa zao kutoka wizara, mikoa na halmashauri. Kabla ya hapo mkaguzi wa wilaya hakuwa na mkubwa wa taaluma yake serikalini ambaye angemwandikia akikwama.

Kuhusu mbinu za kazi, wakaguzi hufuata viwango vya kimataifa vya Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani, iliyoanzishwa New York, Marekani, mwaka 1941. Toleo jipya la viwango hivyo lilianza kutumika tarehe 9 Januari 2025.

Mkaguzi na mkurugenzi

Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na ndiye afisa masuuli, yaani mtu anayewajibika kisheria kwa kila shilingi inayotumika. Mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani huripoti kwake. Kwa nadharia jambo hili lina mantiki: mkurugenzi hawezi kuwa Mweka Hazina, afisa manunuzi na mhandisi kwa wakati mmoja, hivyo anahitaji jicho la kumwambia ukweli kuhusu idara zake. Mkurugenzi mwenye busara humtumia mkaguzi hivyo. Akipata taarifa mwezi Oktoba kwamba ushuru wa mnada haufiki benki, ana miezi minane ya kurekebisha kabla hesabu za mwaka hazijafungwa.

Lakini mkurugenzi huyo huyo ndiye anayeidhinisha likizo ya mkaguzi, anayepitia tathmini yake ya utendaji, na anayeamua kitengo kipate bajeti gani. Asiyependa kukaguliwa hana haja ya kumtisha mkaguzi. Inatosha kumjibu kwamba gari limekwenda kwenye chanjo, au kwamba fedha za kujikimu safarini hazijaingia. Mkaguzi atabaki ofisini akikagua makaratasi yaliyoko makao makuu, na kata za mbali hazitakaguliwa mwaka huo. Ripoti za CAG zimerudia kwa miaka mingi kutaja halmashauri ambazo vitengo vyao vya ukaguzi wa ndani vina watumishi wachache, havina usafiri, au vina bajeti isiyotosha mpango wao wa kazi. Upungufu huo unaweza kuwa umaskini wa kawaida wa halmashauri. Lakini kitengo cha ukaguzi kinapokosa mafuta mwaka baada ya mwaka huku idara nyingine zikisafiri, ni vigumu kuamini kuwa ni bahati mbaya.

Kinga ya kwanza ya mkaguzi ni hati ya mamlaka, yaani waraka unaotaja kwa maandishi kwamba anaruhusiwa kuona kumbukumbu yoyote, kuingia stoo yoyote na kumhoji mtumishi yeyote wa halmashauri. Bila waraka huo kila daftari linahitaji kuombwa.

Kinga ya pili ni kutopewa kazi ambayo atapaswa kuikagua baadaye. Hapa zamani palikuwa na mazoea mabaya katika ofisi nyingi za umma: hati ya malipo ilipitishwa kwa mkaguzi wa ndani aitie sahihi kabla ya hundi kuandikwa. Ilionekana kuwa ni udhibiti, kumbe ilimfunga mikono. Mtu aliyekwisha kutia sahihi kwamba malipo ni sawa hawezi miezi mitatu baadaye kuandika kwamba hayakuwa sawa. Ukaguzi wa awali wa hati za malipo ni kazi ya idara ya fedha, chini ya Mweka Hazina. Vivyo hivyo mkaguzi hapaswi kuwekwa kwenye kamati ya manunuzi, kukaimu idara, au kukusanya mapato, hata kama halmashauri ina upungufu wa watu.

Kinga ya tatu ni kamati ya ukaguzi. Hii hukutana angalau mara moja kila robo mwaka, hupitia mpango wa mkaguzi na taarifa zake, na huuliza idara zimefanya nini juu ya mapendekezo. Ubora wake hutegemea wajumbe. Kamati iliyojaa wakuu wa idara za halmashauri hiyo hiyo hukaa kujadili makosa ya wajumbe wake, na mara nyingi hulegea. Ndiyo maana huhitajika mjumbe kutoka nje ya halmashauri, mtu anayeelewa hesabu na asiyemtegemea mkurugenzi kwa lolote.

Mpango wa mwaka

Kitengo chenye wakaguzi wawili au watatu hakiwezi kukagua kila shule, zahanati, kijiji na mkataba. Lazima kichague. Zamani uchaguzi ulifanywa kwa zamu: mwaka huu tarafa hii, mwaka ujao ile. Siku hizi mpango huandaliwa kwa kufuata vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuizuia halmashauri kufikia malengo yake.

Kila eneo hupimwa kwa maswali mawili: kuna uwezekano gani wa jambo kuharibika, na likiharibika madhara yatakuwa makubwa kiasi gani? Tuseme kila jibu linapewa alama 1 hadi 5 kisha alama zinazidishwa. Ukusanyaji wa ushuru wa mazao unaweza kupata 4 kwa uwezekano na 4 kwa madhara, jumla 16. Ununuzi wa shajara na kalamu za ofisi ukapata 3 na 1, jumla 3. Mkaguzi ataanza na ushuru. Alama hizi si hesabu za kisayansi; ni njia ya kumlazimisha mtu aeleze kwa nini anakwenda huku na si kule. Pia humlinda: akiulizwa kwa nini amekagua idara fulani, anafungua mpango uliopitishwa na kamati.

Mpango mzuri huacha siku kadhaa wazi kwa kazi maalumu, kwa sababu mkurugenzi, Mkuu wa Mkoa au madiwani huweza kuomba uchunguzi wa ghafla. Ambao haukuacha nafasi hiyo huvurugika kufikia Desemba.

Mfano wa kazi: saruji ya madarasa mawili

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hatua zake ni za kawaida. Madarasa mengi ya miaka ya karibuni yamejengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo shule hupokea fedha katika akaunti yake, kamati za shule hununua vifaa, na fundi wa jirani hulipwa kwa kazi yake. Mwaka 2021, katika mpango wa madarasa 15,000 uliogharamiwa na mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Tuchukue shule iliyopata milioni 40 kwa madarasa mawili.

Mkaguzi anaanza na taarifa ya benki: fedha ziliingia lini na zilitoka kwa nani? Kisha anafuata kila malipo kurudi nyuma. Je, kuna muhtasari wa kikao cha kamati kilichochagua muuzaji? Kuna bei za kushindanisha? Kuna hati ya kuagizia, ankara, hati ya mapokezi na stakabadhi? Hapo makaratasi yote yanaweza kuwa safi kabisa. Asiyefika eneo la ujenzi angeandika kwamba hakuna hoja.

Mkaguzi wetu anakwenda stoo. Hati za mapokezi zinaonyesha mifuko 320 ya saruji. Daftari la stoo linaonyesha mifuko 245 imetolewa kwa fundi. Inapaswa kubaki 75. Anahesabu: ipo 30. Mifuko 45 haipo, na kwa bei ya shilingi 18,000 iliyo kwenye ankara hiyo ni shilingi 810,000.

Mkaguzi mwenye haraka ataandika kwamba mwenye ufunguo wa stoo amepoteza mifuko 45. Mwenye subira atajiuliza swali jingine: je, mifuko ilitoka, au haikufika kamwe? Anarudi kwenye hati za muuzaji na kukuta moja inayosema mifuko 185 ililetwa kwa safari moja, na lori lenye uwezo wa tani 7. Mfuko mmoja una kilo 50, hivyo tani 7 ni mifuko 140. Tofauti ni 45 kamili. Lori linaweza kuzidishiwa mzigo, kwa hiyo hesabu hiyo haitoshi kuwa ushahidi, lakini inamwonyesha pa kuuliza. Anawahoji wajumbe wa kamati ya mapokezi mmoja mmoja. Wawili ni walimu, na wanakiri kwamba siku ile walikuwa darasani; karatasi ililetwa ofisini jioni wakasaini. Hakuna aliyehesabu.

Hoja sasa imebadilika sura. Mwenye stoo hakuiba. Halmashauri imelipia saruji ambayo haikuletwa, na sababu yake ni kamati ya mapokezi inayosaini bila kuhesabu. Pendekezo la kumkata mshahara mwenye stoo lingekuwa dhuluma, na lisingezuia jambo hilo kutokea shule ya pili. Pendekezo sahihi ni muuzaji adaiwe, na kwa shule zote mzigo upokelewe na angalau wajumbe wawili waliopo, wakihesabu na kuandika idadi kabla lori halijaondoka.

Taarifa na hoja

Kila hoja katika taarifa ya mkaguzi hueleza mambo matano: hali iliyokutwa, kigezo kilichovunjwa, sababu, madhara, na pendekezo. Katika taarifa nyingi dhaifu kinachokosekana ni sababu. Mkaguzi anaandika kwamba masurufu hayakurejeshwa, anataja agizo lililovunjwa, kisha anapendekeza yarejeshwe. Hakuuliza kwa nini afisa aliyedaiwa masurufu ya kwanza aliweza kupewa ya pili. Mwaka ujao hoja hiyo hurudi, imebadilishwa tarehe tu.

Rasimu hupelekwa kwa idara husika ili ijibu. Hatua hii ni ya haki, kwa sababu mkaguzi naye hukosea: pengine stakabadhi ilikuwapo kwenye jalada jingine. Majibu huingizwa katika taarifa ya robo mwaka, ambayo hukabidhiwa kwa mkurugenzi na kujadiliwa na kamati ya ukaguzi, na nakala hufika kwa Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali.

Baada ya hapo huja kazi isiyo na sifa, nayo ni kufuatilia. Kitengo huweka daftari la hoja lenye tarehe, jina la cheo kinachopaswa kutekeleza, muda uliokubaliwa na hali ya sasa. Hoja hufungwa pale tu mkaguzi anapoona ushahidi. Jibu la kwamba ushauri wa mkaguzi umezingatiwa, ambalo hupendwa sana ofisini, halifungi hoja. Kipimo rahisi cha kitengo chochote cha ukaguzi ni hiki: kati ya mapendekezo ya mwaka jana, ni mangapi yametekelezwa? Kitengo kinachotoa hoja mia na kufunga kumi kinachapisha karatasi.

Mahali hoja zinapokwenda

Halmashauri hukabidhi hesabu zake za mwaka kwa CAG kufikia tarehe 30 Septemba. CAG hupima pia kazi ya kitengo cha ndani, na akiiamini anaweza kupunguza sehemu ya upimaji wake. Hutoa maoni, ambayo huitwa hati: inayoridhisha, yenye shaka au isiyoridhisha, na huweza pia kushindwa kutoa maoni kabisa. Watu wengi hudhani hati inayoridhisha ina maana kwamba hakuna wizi. Maana yake ni nyembamba zaidi: kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa vizuri na zinaonyesha hali halisi ya hesabu. Halmashauri yaweza kupata hati hiyo ikiwa na zahanati isiyo na dawa.

CAG huikabidhi ripoti yake kwa Rais kufikia mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni. Huko hujadiliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ambayo huwaita wakurugenzi kujieleza. Nyumbani, madiwani hukaa katika kikao maalumu cha baraza kupitia hoja hizo. Aliyewahi kusikiliza vikao hivyo anajua kwamba swali linalouma zaidi ni fupi: mkaguzi wenu wa ndani alikuwa wapi?

Wakati mwingine alikuwapo na alisema. Mikopo ya halmashauri ni mfano. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za CAG zilieleza mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyojulikana vilipo, na Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu upangwe upya. Waliolipa gharama ya kusitishwa huko ni pamoja na mama lishe na waendesha bodaboda wa vikundi halali waliokuwa kwenye foleni. Kikundi hewa ni kitu ambacho CAG hukigundua kwa shida, lakini mkaguzi wa ndani aliye wilayani hukijua kwa safari moja: anakwenda kijijini na kuuliza mashine ya kusaga iliyonunuliwa iko wapi.

Mifumo ya kompyuta

Malipo ya halmashauri sasa hupita katika mfumo wa MUSE, ununuzi katika NeST, na ushuru hukusanywa kwa mashine za POS zinazotoa risiti. Vitabu vya risiti vya karatasi, ambavyo nakala yake ya pili iliweza kuandikwa kiasi tofauti, vimepungua sana.

Udanganyifu haukwisha, ulihama. Mkaguzi wa leo huangalia ni mashine ngapi zimegawiwa na ngapi hazijaonekana mtandaoni kwa siku nyingi, maana mashine iliyozimwa mtandao inaweza kuendelea kukusanya fedha sokoni. Huangalia miamala iliyofutwa au kurekebishwa na nani aliidhinisha. Hulinganisha deni la kila mkusanyaji kwenye mfumo na fedha zilizofika benki. Tena huangalia nywila. Mfumo umeundwa ili anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha, lakini bosi anaposafiri akamwachia karani nywila yake, watu wawili wamekuwa mmoja, na kompyuta haiwezi kujua.

Kenya

Katika kaunti 47 za Kenya, zilizoanza kazi mwaka 2013, ukaguzi wa ndani unatajwa katika kifungu cha 155 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Kanuni za mwaka 2015 zinagawa uwajibikaji wa mkuu wa ukaguzi wa ndani mara mbili: kwa mambo ya utawala yuko chini ya afisa mhasibu, na kwa mambo ya kazi yake anawajibika kwa kamati ya ukaguzi. Mgawanyo huo haumpi mafuta ya gari. Unampa mahali pengine pa kupeleka taarifa ambayo mkubwa wake ameiweka kwenye droo.